Deni la Kitu Kizuri

Kitu kinapotupendeza macho, je, yatupasa kuuliza kilifanywaje na kilimgharimu nani? Au uzuri una haki ya kupokewa bila maswali, kama mgeni aliyebisha hodi usiku wa mvua, ambaye hupewa kwanza moto na chakula, habari zake zikangoja asubuhi? Kila mtu hulijibu swali hili upesi akiwa mbali na kitu chenyewe. Akisimama mbele yake, ulimi huwa mzito. Kwa hiyo, msomaji, kabla hatujaanza kubishana, nataka uandamane nami tukitazame kitu kimoja. Si kitu cha kwetu, na huenda hujapata kukiona kwa macho. Lakini ni kizuri kweli kweli, na kisa chake kinalifaa shauri letu.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mafundi wa Ufaransa walifanya vyombo vya maua vya udongo vilivyovikwa enameli na kupambwa kwa bronzi. Udongo ulifinyangwa, ukakaushwa, ukachomwa jokoni mpaka ukawa mgumu. Kisha ulipakwa enameli, yaani unga wa kioo uliotiwa rangi kwa madini, ukarudishwa motoni mpaka unga ule ukayeyuka na kushikamana na udongo kama ngozi na mwili. Katika mji wa Longwy, kaskazini mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Ubelgiji, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1798 kilijipatia sifa kubwa kwa kazi hii. Mafundi wake walichapa kwanza mistari myeusi ya maua, ndege na matawi. Kila mstari ulikuwa kama ukuta mdogo wa kuizuia rangi isitiririkie kwa jirani yake. Halafu vyumba vilivyopatikana vilijazwa rangi tone kwa tone, buluu, waridi na manjano, mpaka enameli ikasimama juu ya chombo kama umande mzito juu ya jani.

Huko Paris alikuwako fundi mwingine, Théodore Deck, mwana wa Alsace aliyezaliwa mwaka 1823. Huyu alivutwa na ile buluu ya feruzi iliyokuwa ikionekana juu ya vyombo vya kale vya Uajemi na Uturuki. Rangi hiyo hutokana na shaba, lakini shaba peke yake haitoshi. Ikitiwa katika kioo chenye risasi hutoa kijani. Sharti itiwe katika kioo cha magadi na potasi ndipo igeuke feruzi. Deck aliipata, na buluu hiyo ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1887 akafanywa mkuu wa kiwanda cha taifa cha Sèvres, akakaa katika cheo hicho mpaka alipofariki mwaka 1891.

Chombo kikiisha kutoka jokoni kiliweza kupelekwa kwa watu wa bronzi. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, na mafundi wa Paris mara nyingi walitia na zinki. Watu hawa walisubu kitako chenye miguu, utepe wa kuuzunguka mdomo, na mishikio iliyojipinda kama matawi ya mzabibu au yenye vichwa vya wanyama. Fundi mwingine aliipitia kazi hiyo kwa tindo ndogo, akichora kila mshipa wa kila jani. Mwisho ikatiwa dhahabu. Faida zake zilikuwa nyingi. Chombo cha udongo huanza kuvunjika mdomoni na kitakoni, na bronzi hulinda mahali hapo pawili. Humwinua mfupi akaonekana mrefu. Tena, tusifiche, huficha ufa. Lakini nadhani sababu kubwa kuliko zote ni ile inayomfanya mtu avae kanzu nyeupe chini ya joho jeusi: buluu ya enameli ikikaa karibu na manjano ya dhahabu, kila moja humzidishia mwenziwe. Sisemi kwamba vyote vinapendeza. Viko vilivyopambwa kupita kiasi, mishikio ikawa mikubwa kuliko chombo, mfano wa bwana harusi mwembamba aliyeazimwa joho la mtu mnene. Walakini vilivyo bora vina utulivu ambao macho hayauchoki.

Desturi hii Wafaransa hawakuianza katika karne ya 19. Katika karne iliyotangulia matajiri wa Paris walizipenda mno kauri za China, na wafanyabiashara wao walizivika bronzi yenye dhahabu ili zifanane na viti, meza na saa za majumba ya huko. Daftari la mauzo la mmoja wao, Lazare Duvaux, la tangu mwaka 1748 hadi 1758, limesalimika. Ndani yake twamkuta Bibi de Pompadour, kipenzi cha mfalme Louis XV, akinunua vitu vya aina hiyo. Jina la mnunuzi limo, kitu kimo, bei imo. Aliyekitia dhahabu kwa kawaida hayumo.

Wala usidhani, kijana wa Kenya, kwamba tamaa ya kukivika kitu cha mbali vazi la nyumbani ni kiburi cha Wazungu peke yao. Nenda Mambrui, kaskazini ya Malindi, ukatazame kaburi la nguzo ambalo bakuli za kauri kutoka China zilipachikwa ndani ya chokaa yake. Nenda Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, utaona nguzo za namna hiyo hiyo. Mfaransa alitumia bronzi, babu zetu wa pwani walitumia chokaa na mawe ya matumbawe; lakini wote wawili walipokea kazi ya mkono wa mtu wasiyemjua, wakaitafutia mahali pa heshima. Hilo ni jambo jema katika tabia ya wanadamu, na sitaki lisahauliwe tutakapofika penye uchungu.

Sasa tufike kwenye dhahabu, maana ndiko tulikokuwa tukielekea. Kwa karne nyingi kazi bora ilitiwa dhahabu kwa msaada wa zebaki. Dhahabu iliyokatwa vipande vidogo ilitupwa katika zebaki ya moto, ikayeyuka ndani yake kama chumvi katika maji, ukapatikana uji mzito wa rangi ya fedha. Uji huo ulikamuliwa katika ngozi laini ili zebaki iliyozidi itoke. Bronzi iliyosafishwa kwa tindikali ikapakwa uji ule, ikawekwa juu ya makaa. Zebaki haivumilii moto. Iligeuka mvuke ikaondoka, na dhahabu ikabaki imeng'ang'ania bronzi. Fundi aliigeuzageuza kazi yake juu ya makaa, akaisugua kwa brashi ili dhahabu ienee sawasawa, na wakati wote huo alikuwa ameinama juu yake. Baadaye mahali palipotakiwa kung'aa palisuguliwa kwa jiwe gumu, na palipotakiwa kufifia pakaachwa.

Nimesema kwamba zebaki iliondoka. Neno hilo ni jepesi mno. Iliondoka ikaenda wapi? Iliingia katika pua na kinywa cha mtu aliyeinama. Mtu huyo, miaka ikipita, mikono yake ilianza kutetemeka hata asiweze kupeleka kikombe mdomoni bila kumwaga. Fizi zilivimba, meno yakalegea, mate yakamjaa kinywani. Usingizi ulimtoka na kumbukumbu zikampotea. Wengine walipatwa na hasira na woga usio na sababu, wakaonekana na jamaa zao kuwa wamegeuka tabia, kumbe wamegeuzwa na kazi.

Wala haya hayakuwa siri. Daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha mwaka 1700 kitabu juu ya maradhi yanayowapata watu wa kazi mbalimbali, na watia dhahabu wamo. Aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja katika yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Tangu mwaka huo hapana mtu msomi wa Ulaya aliyeweza kusema kwamba hakuwa na njia ya kujua. Dhahabu ya Duvaux ilitiwa miaka 50 baada ya kitabu hicho.

Hapo ndipo mabishano huanza. Atatokea mtu aseme: chombo hakina dhambi. Dhahabu haikumwomba mtu kuitia, enameli haikumdhuru mtia dhahabu, na waliokufa hawatafufuka kwa sababu wewe umekunja uso mbele ya kabati la kioo. Uzuri ni jambo moja, na namna ulivyopatikana ni jambo lingine. Mtu huyu hasemi upuuzi. Kukivunja chombo hakumfai mtu, na mimi ningelia kukiona kimevunjwa. Lakini ukimsikiliza vizuri mtu huyu huyu anapokisifu chombo, utamsikia akisema: tazama ustadi wa mkono uliochora jani hili! Tazama saburi! Tazama jinsi dhahabu ilivyokaa bila doa! Basi yeye mwenyewe amemwita fundi aje asimame kando ya kazi yake. Hatukukisifu chombo kama tunavyolisifu ua la porini, ambalo halikufanywa na mtu. Nusu ya furaha yetu ni kule kujua kwamba mwanadamu ameweza. Sasa haitufalii kumwita fundi tunapousifu mkono wake, kisha kumfukuza tunapoambiwa kwamba mkono huo ulitetemeka. Ama aje na habari zake zote, ama asije kabisa. Na asipokuja, sifa zetu nazo hupungua.

Mwingine atasema kwamba mtia dhahabu alilipwa, tena alikuja mwenyewe kuiomba kazi. Ni kweli kwamba hakuburutwa kwa kamba. Lakini aliyechagua baina ya njaa ya leo na maradhi ya kesho hakuchagua kama anavyochagua mnunuzi baina ya buluu na kijani. Tena fikiri juu ya bei. Mnunuzi alilipia udongo, makaa, shaba, dhahabu na siku za kazi. Mapafu na meno ya mtu hayakuandikwa katika hesabu. Kitu kilikuwa na gharama kubwa kuliko bei yake, na ile tofauti ililipwa na mtu mmoja aliyekuwa maskini kuliko wote waliohusika. Katika lugha yetu jambo hilo lina jina fupi: deni. Na mwia wake hakuwa na hati mkononi.

Hata wenye hati hawakulipwa daima. Pierre Gouthière, aliyezaliwa mwaka 1732, alikuwa bingwa wa kuchora na kutia dhahabu wa zama zake. Alivika bronzi vyombo vya kauri na vya mawe ya thamani vya mtawala wa Aumont, na vitu vya bwana huyo vilipouzwa kwa mnada mwaka 1782, mfalme Louis XVI na malkia Marie Antoinette walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Bibi du Barry, kipenzi cha mwisho cha Louis XV, alimpa kazi nyingi akabaki na deni lake kubwa, na alipouawa katika mapinduzi mwaka 1793 deni lilikuwa halijalipwa. Gouthière alikuwa amekwisha kufilisika tangu mwaka 1787. Alikufa maskini mwaka 1813. Ikiwa bingwa aliyejulikana na wafalme alifikia hali hiyo, hali ya kijana aliyempulizia makaa waweza kuikisia.

Yuko na wa tatu, na huyu humwogopa mtu kumpinga kwa sababu ana sura ya mchaji. Husema: basi tuache mapambo. Mkate, chumvi, nguo ya kusitiri mwili, vyatosha. Anasa ndiyo iliyowaua. Mimi sikubali. Mtia dhahabu hakuuawa na anasa; aliuawa na mvuke, na mvuke hauulizi kama kazi ni ya anasa au ya haja. Kofia ya kawaida ya manyoya aliyovaa mtu wa soko ilitengenezwa kwa zebaki, na wafanya kofia walitetemeka vile vile. Kioo cha kujitazamia ukutani kilipakwa bati na zebaki nyuma yake. Ungeweza kuishi bila chombo kimoja cha maua nyumbani na bado ukawa mdeni wa mapafu ya watu, tena bila ya kupata hata buluu ya Deck kuituliza nafsi yako.

Kwa maoni yangu aliyelijibu swali hili vizuri kuliko wengi hakuwa mwanafalsafa. Alikuwa mfanyabiashara wa bronzi. Antoine-André Ravrio, aliyezaliwa mwaka 1759, alikuwa na karakana kubwa Paris na aliyauzia majumba ya Napoleon mapambo ya bronzi. Utajiri wake ulitoka katika moto ule ule tuliouona. Alipofariki mwaka 1814, wasia wake ulikutwa umeacha faranga 3,000 ziwe zawadi kwa mtu atakayevumbua njia ya kuwakinga watia dhahabu na sumu ya zebaki. Yawezekana kusema kwamba alingoja mpaka kifo, wakati ambapo kutoa ni rahisi. Nakubali. Hata hivyo, yeye hakukana kwamba deni liko, wala hakuibomoa karakana. Alilitaja deni kwa tarakimu, akauliza lililipwe kwa njia gani.

Jibu lilitoka kwa mwanakemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet. Alitengeneza tanuri ambalo bomba lake la moshi lilipashwa joto na moto mdogo wa pembeni, hata hewa ikapanda kwa nguvu na kuuvuta mvuke juu kabla haujamfikia mtu. Alipewa zawadi ya Ravrio, na maelezo yake juu ya kutia bronzi dhahabu yalichapishwa mwaka 1818. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini msomaji mwenye macho atakuwa ameona kwamba bomba la moshi haliiangamizi zebaki. Hulitoa deni sebuleni likapelekwa juu ya mapaa ya mji, likadaiwe huko na watu wengine.

Kisha, katika miaka ya 1840, ikaenea njia ya kutia dhahabu kwa nguvu za umeme, bila makaa wala zebaki. Vyombo vingi vya enameli nilivyovieleza mwanzoni vilipambwa baada ya uvumbuzi huo, na yamkini mishikio yao haikumtetemesha mtu. Yamkini, kwa sababu njia ya zamani haikufa mara moja. Wenye kutaka dhahabu nene na yenye rangi ya joto waliendelea kuipenda. Na ile njia mpya nayo ilihitaji maji yenye sianidi, ambayo ni sumu kali. Jicho lisilozoea, likitazama vyombo viwili vilivyosimama sambamba, haliwezi kusema kipi ni kipi. Juu ya bronzi pengine kuna jina la mwenye karakana. Ferdinand Barbedienne, mathalani, alikuwa na desturi ya kuliweka jina lake juu ya bronzi zake. Chini ya udongo kuna chapa ya kiwanda. Aliyeinama juu ya makaa, kama kulikuwa na makaa, hakuachiwa mahali pa kuandika.

Nimeyaleta haya mbele yako, wewe unayesoma katika Kenya, kwa sababu moto ule haujazimika. Katika Migori, na katika sehemu nyingine za Magharibi ya nchi yetu, wako wachimbaji wadogo wa dhahabu. Huponda mawe, huyaosha, hutia zebaki kwa mkono ili iikusanye dhahabu iliyotawanyika, kisha huliweka donge lile juu ya moto, pengine katika karai, pengine karibu na nyumba wanamolala watoto. Ni kemia ile ile ya Paris: dhahabu na zebaki, makaa, mvuke, uso wa mtu. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mkataba juu ya zebaki, ukapewa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake waliteswa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Ukaanza kufanya kazi mwaka 2017, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wametajwa ndani yake. Kifaa cha kuwakinga nacho kipo. Ni chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko na mrija uliopinda. Mvuke hupita katika mrija, hupoa, ukarudi kuwa zebaki ndani ya kopo la maji, na huweza kutumika tena. Kwa hesabu hii ni bora kuliko tanuri la d'Arcet, kwa sababu hakimpelekei jirani kitu.

Lakini kifaa hicho hununuliwa kwa fedha, na kukitumia kwataka saburi, maana mtu hawezi kuiona dhahabu yake inavyotokea motoni. Mchimbaji ambaye pengine ameikopa hiyo zebaki kwa mtu atakayekuja jioni kuinunua dhahabu yake, hana fedha wala jioni ya kungojea.